Boliti Kumi za Msanzi

Niliripoti kazini, karakana ya serikali mjini Sumbawanga, siku ya Jumatatu, mwezi wa sita, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba nimevaa vibaya. Nilikuja na shati jeupe la kanisani, suruali ya tetroni na viatu vilivyong'arishwa, kwa sababu nyumbani kwetu Mwazye kuajiriwa mjini lilikuwa jambo la kuvalia. Fundi Mkuu alinitazama juu hadi chini, akaniuliza kama nimekuja kutengeneza magari au kuyafungisha ndoa. Kisha akavua koti lake zito akanipa, maana baridi ya Sumbawanga mwezi huo haina haya, akaniagiza niende nyuma ya karakana nikaoshe boliti.

Niliosha boliti miezi mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Fundi akifungua injini, boliti zake zililetwa kwangu kwenye karai la dizeli, nami nilizisugua kwa brashi ya waya mpaka meno yake yaonekane, nikazifuta, kisha nikazichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokitoboa matundu kwa mpangilio wa injini yenyewe. Boliti ya kwanza kushoto ilirudi kuwa ya kwanza kushoto. Siku moja nilizichanganya, nikadhani hakuna atakayejua. Fundi Mkuu aliinua moja, akaitazama shingo yake iliyoliwa kidogo na kutu, akasema hii imetoka upande wa bomba la moshi, nimeiweka wapi. Sikuzichanganya tena.

Nieleze kidogo mambo ya boliti, kwa sababu vijana wengi wa leo, hata wenye vyeti, hudhani boliti ni msumari wenye meno. Sivyo. Mmemwona mtu anayefunga gunia la mahindi kwenye karia ya baiskeli kwa mpira wa tyubu? Anauvuta mpira, unarefuka, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakoshika gunia. Boliti ni hivyo hivyo, ila urefukaji wake ni mdogo, jicho haliuoni. Ukiivuta kidogo mno, mzigo unacheza. Ukiivuta kupita kiasi, inakufa: inarefuka na hairudi, kama mpira uliolegea. Boliti iliyokufa haionyeshi kitu kwa nje. Inakaa mahali pake vizuri tu, inang'aa, na haishiki chochote.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa upande wa Rungwe, aliyeletwa Sumbawanga na kazi za barabara kabla sijaanza shule. Alisali na wageni wenzake wa Mbeya katika kanisa lao dogo, na Jumapili sisi Wakatoliki tulipotoka misa tulimkuta njiani na Biblia yake kwapani akitutania kwamba padri wetu anatuchelewesha kula. Kifipa alikijua cha kununulia ulezi na cha kuchekeshea wakwe. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na mikono yake ilikuwa mizito kuliko ya mtu yeyote niliyefanya naye kazi.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa na desturi nitakayoisimulia. Kila kazi ya injini ilipokwisha, kabla ya kuwashwa, aliitwa Fundi Mkuu. Alikuja bila haraka, akashika mpini wake mrefu aliouongeza kwa kipande cha bomba la maji, akapita juu ya kila boliti akiivuta mara moja tu. Halafu alisema, "Haya." Sisi tulikuita huko kupiga muhuri. Gari halikutoka bila muhuri. Madereva wa malori ya ushirika, waliokuwa wakiteremka bondeni kwenda Muze na kupanda tena na mizigo ya mpunga, hawakuuliza kama injini imefungwa vizuri. Waliuliza kama Mzee ameshapiga muhuri. Na nisiwe mchoyo wa fadhila: mkono ule uliokoa magari mengi, kwa sababu sisi vijana tulikuwa tunaacha boliti zimelegea, na yeye alizikuta.

Mwaka wangu wa nne nilipelekwa Mbeya kwenye kozi ya miezi sita. Aliyetufundisha tulimwita Bwana Mkufunzi, mtu mwembamba wa Bukoba, mkimya, ambaye sikumwona akicheka hata siku moja. Wiki ya pili alileta boliti mbili zinazofanana. Moja aliipaka oili, nyingine aliiacha na kutu yake. Akatuambia tuzikaze zote mbili kwa spana ya kilo, ile spana yenye mshale unaoonyesha nguvu ya mkono wako. Mshale ulifika alama ile ile kwa zote. Kisha akazipima urefu kwa chombo chake. Ile yenye oili ilikuwa imevutika vizuri. Yenye kutu haikuwa imevutika hata kidogo, nguvu yetu yote ilikuwa imeliwa na ubishi wa meno. Tulikuwa watu wazima, na baadhi yetu tulikuwa tumefunga injini kwa miaka.

Ndipo akatuonyesha kipimapembe. Ni kisahani cha bati chenye digrii zilizochorwa pembezoni, unakivalisha kati ya mpini na soketi. Katikati kina mshale unaozunguka pamoja na mpini, na pembeni kina mkono wa waya unaouegemeza kwenye kitu kisichosogea, ili kisahani chenyewe kisizunguke. Unaanza kwa kukaza kidogo kwa spana ya kilo, kiasi cha boliti kukaa tu. Kutoka hapo unaacha kuhesabu nguvu, unahesabu mzunguko. Kitabu cha gari kikisema digrii tisini, unageuza robo ya mzunguko, basi. Meno ya boliti hayadanganyi katika hilo: ukiigeuza robo, imevutika kiasi cha robo, iwe na oili au iwe na kutu.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama haifai kuongeza kidogo mwishoni kwa usalama. Bwana Mkufunzi alimgeukia.

"Boliti hizi mpya zimetengenezwa zivutwe mpaka karibu na kufa," alisema. "Pembe ikifika, toa mkono. Boliti haina haja na mapenzi yako."

Vipimapembe vya dukani havikuwepo, fedha za kigeni zilikuwa za mambo makubwa zaidi. Kila mmoja wetu alitengeneza chake: bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, digrii tulizichora kwa vifaa vya hesabu vya watoto wa shule, mshale wa spoku ya baiskeli, mkono wa waya wa seng'enge. Changu nilikifunga kwa kitambaa nikarudi nacho Sumbawanga kwa fahari ambayo leo naionea aibu kidogo.

Fundi Mkuu alikigeuzageuza akaniuliza kama Mbeya siku hizi wanakula kwenye visahani vidogo hivi. Mafundi walicheka. Lakini aliniambia nimweleze, na alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huu mkono wa waya ukisogea je? Nikajibu kwamba kipimo kitasoma pungufu, na fundi atageuza kupita kiasi bila kujua. "Kumbe nacho kinaweza kudanganya kama mtu," alisema, akanirudishia. Hakukosea. Ni kosa la kwanza la kila anayetumia kifaa hiki, na mafundi wa siku hizi bado wanaegemeza mkono huo kwenye mpira wa rejeta.

Aliniruhusu nikitumie kwenye malori mapya. Nilikitumia. Kisha nikimaliza, aliitwa, akaja na bomba lake, akapiga muhuri juu ya kazi yangu. Ingawa malori yalikuwa mapya, boliti zake zilikuwa nene na za aina ya zamani, zilivumilia. Nikajiambia hakuna dhara. Ukweli ni kwamba sikujua namna ya kumwambia mzee aliyenivisha koti lake kwamba mkono wake hauhitajiki.

Sasa nifike Msanzi. Wakati ule magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kuingia karakanani, na hata hivyo yalikuwa ya kuhesabika. Mwenye gari lililokufa alimtafuta fundi Jumamosi mchana, na fundi alimfuata nyumbani kwake. Nusu ya ufundi wangu niliupatia kwenye nyua za watu, injini ikiwa juu ya gunia, kuku wakipita katikati ya vifaa.

Mwalimu Anatoli alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mwenye pikapu ya Kifaransa aliyoipata kwa shemeji yake. Kijiji chao cha Msanzi kilikuwa kimekusanywa upya, watu wametolewa vitongojini na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, shule ipo, ghala lipo, zahanati iliahidiwa. Mpaka hiyo zahanati ifike, mgonjwa wa Msanzi alisafiri kwa baiskeli, kwa machela, au kwa pikapu ya Mwalimu. Mwalimu hakumtoza mjamzito wala mtoto. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akimtolea mafuta kidogo kutoka kwenye mgao, na hakuna aliyenung'unika.

Pikapu hiyo iliunguza gasketi ya silinda hedi, ile karatasi nzito inayokaa kati ya kifuniko cha injini na bloku ili maji, oili na moto visikutane. Kifuniko kile kinashikwa na boliti kumi za aina mpya, zile za kukazwa kwa pembe, na kitabu kinasema wazi kwamba zikifunguliwa zisirudiwe. Nchini hazikupatikana. Mwalimu aliandika barua, akangoja, na miezi minane baadaye shemeji yake akazivusha kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbala: gasketi moja na boliti kumi, zimefungwa kwenye karatasi ya nta. Kumi kamili. Hakukuwa na ya kumi na moja.

Alitujia Sumbawanga mwenyewe. Fundi Mkuu akasema tutakwenda wote wawili, nami nije na kisahani changu, maana hizi ni za aina yako. Alisema hivyo hivyo, "za aina yako."

Tulifika Jumamosi mchana. Mama Restituta, mke wa Mwalimu, alikuwa ametandika mkeka na karibu yake meza ya shule kwa ajili ya vifaa. Watu wa kijiji walikuwa wamejaa kama kwenye harusi, wazee kwenye viti, wanawake wakiwa ukingoni mwa ua, na mmoja wao, binti mwenye mimba changa ya kwanza, alikuwa akimsaidia Mama Restituta kusonga ugali wa ulezi. Mwalimu alitutambulisha. Alisema neno ambalo sijalisahau, kwamba ndugu hawa wameleta tena miguu ya kijiji.

Kazi yenyewe niliifanya mimi, jioni ile na asubuhi yote ya Jumapili baada ya misa. Nilikwangua uso wa bloku, nikanyonya maji na oili kwenye matundu ya boliti kwa kitambaa kilichosokotwa, kwa sababu tundu lenye maji likiingizwa boliti hupasua chuma. Nikapaka kila boliti tone moja la oili. Nikaziingiza kwa vidole, nikaanza kukaza za katikati kwenda nje kwa mzunguko, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, spana ya kilo ikisoma sawa kwa zote kumi. Kisha nikachora mstari wa chaki kwenye kila kichwa, nikavaa kipimapembe.

Karakanani injini huwa juu ya stendi na mkono wa waya una pa kuegemea. Pale uani injini ilikuwa ndani ya gari na kila kilichokuwa karibu nayo kilicheza. Nililala robo saa juu ya bawa la pikapu, lile bati la juu ya gurudumu, nikitafuta mahali. Mwishowe niliomba ubao wa mninga, nikaukaza kwa kamba kutoka bawa hadi bawa, nikauegemezea waya hapo. Fundi Mkuu aliusukuma ubao kwa kidole. Haukusogea. Akatikisa kichwa kukubali, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya cheti.

Boliti moja moja, robo ya mzunguko, polepole, bila kurudi nyuma. Nilipomaliza ya kumi, mistari yote ya chaki ilikuwa imelala upande mmoja kama mistari ya daftari. Niliteremka. Kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu kwa sababu sikuiacha ilivyokuwa.

Fundi Mkuu aliinuka kwenye kiti chake. Alinawa mikono, jambo ambalo hakulifanya kamwe karakanani. Nadhani ni kwa ajili ya watu waliokuwa wakitazama. Mazungumzo yakakoma, na mzee mmoja akawaambia wenzake kwa Kifipa kwamba sasa mkubwa anafunga. Bomba lilikuwa miguuni pangu.

"Tayari?" aliniuliza.

Mkono wake ulikuwa umenyoshwa. Aliniuliza akiwa ananitazama usoni, si mkononi, na alisubiri. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu Mbeya, kwa lafudhi ya Bwana Mkufunzi na kila kitu. Niliwatazama wazee, nikamtazama Mwalimu ambaye alikuwa akitabasamu, nikaona jinsi ambavyo neno lolote kutoka kwangu lingesikika pale uani. Nikainama nikaokota bomba, nikampa.

Alipita boliti ya kwanza hadi ya sita, kila moja ikilia kidogo. Ya saba haikulia. Mpini ulikwenda mbele kwa ulaini, bila ubishi, na mstari wa chaki ukazunguka karibu nusu duara. Fundi yeyote anaujua ulaini huo. Mgongo wake ulikaza. Hakugusa ya nane, ya tisa wala ya kumi. Aliliweka bomba chini na kusema, "Haya," na watu wakapiga makofi.

Pikapu iliwaka kwa jaribio la kwanza. Injini iliunguruma vizuri, maji hayakuchemka, na Mwalimu aliturudisha Sumbawanga nayo, na debe la maharage nyuma. Tulikaa watatu mbele. Fundi Mkuu alizungumza na Mwalimu habari za mvua. Mimi niliutazama mshale wa joto la maji.

Wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri. Boliti iliyokufa inaweza kuvumilia siku tatu au miezi mitatu, kisha gasketi inapasuka, na kama dereva ana mgonjwa nyuma hatazima injini, ataendelea mpaka bloku lipasuke, na hapo hakuna boliti itakayosaidia. Niliiona pikapu ikipita mjini mara mbili kuelekea hospitali. Mara ya pili nilijificha nyuma ya lori. Kumwambia Mwalimu ilikuwa ni kumwaibisha Fundi Mkuu, aliyebakiza miezi michache astaafu. Na kutomwambia, hilo kila mtu anajua lilikuwa ni nini. Fundi Mkuu naye hakusema neno. Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya pili hakuja kazini, tukaambiwa ana mgonjwa.

Jumamosi nikapanda lori la ushirika kwenda Msanzi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani. Nikaikuta pikapu juu ya mawe, imefunikwa turubai.

Mwalimu alinikaribisha, akaniagizia maji. Akanieleza kwamba Mzee alikuja juzi kwa miguu kutoka njia panda, akamwita faragha, akamwambia ameua boliti moja kwa mkono wake, gari lisiwashwe tena. Akaitoa mwenyewe, akamwonyesha shingo yake ilivyokuwa nyembamba, akaichukua kama mfano na kuelekea mpakani kutafuta nyingine.

"Alisema wewe ulimkataza," Mwalimu aliniambia. "Alisema, 'Kijana aliniambia zimefika, nisiguse, mimi sikusikia.' Ni kweli?"

Nilikuwa nimesafiri nusu siku ili niseme ukweli. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Nilimwambia."

Mwalimu alinishika bega akasema nisimhukumu mzee, umri una mambo yake.

Boliti ile ilichukua miezi mitano kupatikana. Fundi Mkuu alivuka mpaka mara tatu kwa likizo yake mwenyewe. Katika miezi hiyo Msanzi ilirudi kwenye baiskeli na machela. Yule binti aliyesonga ugali siku ya kazi yetu alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Walimbeba kwa machela kuelekea kituo cha afya cha Matai, akajifungua njiani, na mtoto hakuishi. Habari hiyo tuliipata karakanani kutoka kwa dereva, akiitaja katikati ya habari nyingine. Fundi Mkuu aliinuka akatoka nje. Mimi niliendelea kuosha nilichokuwa naosha.

Boliti ilipofika tulirudi wawili. Niliikaza mimi, kwa pembe, na zile tisa nilizipima moja moja kabla ya kuziamini. Fundi Mkuu alikaa upande wa pili wa ua, karibu na ghala la Mwalimu, mikono juu ya magoti, na hakusogea mpaka nilipofunga boneti. Mzee mmoja alimwuliza mbona hafungi. Alijibu kwamba siku hizi anafunga kijana.

Alistaafu mwaka huo huo. Tulimfanyia sherehe ndogo karakanani, soda na nyama, na Mhandisi wa mkoa akahudhuria. Fundi Mkuu aliposimama kusema, hakuzungumzia miaka yake. Alisimulia Msanzi. Aliisimulia yote, boliti ya saba, mkono wake, miezi mitano, mtoto. Kisha akasema kwamba alikuwepo pale kijana mmoja aliyemkanya mbele ya kijiji kizima bila kumwogopa, na mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kupewa injini. Mhandisi aliandika kitu kwenye daftari lake. Watu walipiga makofi wakinitazama mimi.

Nilimfuata nyuma ya karakana alipokuwa anakunja ovaroli yake.

"Mzee, mimi sikusema kitu siku ile. Mimi ndiye niliyekupa bomba."

"Najua. Nilikuuliza, nikangoja." Aliendelea kukunja. "Ungesema, ningeacha."

Alipomaliza aliweka ovaroli kwapani, akasema kwa upole, bila hasira yoyote ambayo ningeweza kuikasirikia:

"Sifa ya kusema umeshapewa. Kazi yake bado hujaifanya."

Miezi sita baadaye nikapandishwa cheo. Baadaye nikahamishiwa Mpanda, nikarudi Sumbawanga, na kwa miaka kumi na tisa nikawa Fundi Mkuu mwenyewe. Nilifuta desturi ya muhuri. Mafundi wapya niliwafundisha kipimapembe kabla ya kuwafundisha spana, na niliweka sheria kwamba atakayeona mkono wangu unakosea aseme, hata kama Mhandisi amesimama hapo. Walisema mara nyingi kuliko nilivyopenda. Wengi wao walikuwa sahihi, na nilikuwa nakasirika, kisha natoa mkono.

Sasa nimestaafu. Mafundi wa mjini wana vipimapembe vya kununua, vingine vinapiga kelele pembe ikifika, nao hunipigia simu kuniuliza mambo ya zamani, mzee ilikuwaje bila vifaa. Mimi huwajibu kwamba vifaa vilikuwepo. Huwa siendelei zaidi ya hapo, na ndiyo sababu nimeandika.

Yule mama wa Msanzi, aliyejifungua njiani, yu hai. Ana duka la mbegu Matai, na watoto wengine wanne. Msimu uliopita niliingia kununua mbegu za mahindi. Alinitambua, akatoka nyuma ya meza, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mama zetu, akasema, "Shikamoo, fundi. Wewe ndiye uliyemkataza yule mzee." Wateja wawili walikuwepo, wanatusikiliza.

Nikaitikia marahaba, nikachagua mbegu.